Siku Kalenga Ilipobeba Watu Wawili

Kamwene, ndugu zangu. Kamwene, akina mama. Na ninyi majirani zetu wa hapa Ilomba ambao si watu wa Iringa lakini mmekuja kukaa nasi, habari za asubuhi.

Kwanza mnisamehe kwa kuchelewa. Najua mmeningoja, na najua wengine mmeshaanza kunong'ona kwamba karani wa chama ndiye anayeandika majina ya wachelewaji, sasa leo nani atamwandika yeye? Sababu ya kuchelewa nitaieleza, lakini si sasa. Bwana Mwenyekiti, naona unanivutia kiti. Ahsante sana, kirudishe tu. Maneno yangu ya leo siwezi kuyasema nimekaa.

Mwenyekiti kaniomba niseme habari zangu kwa sababu ya vijana waliojiunga na chama chetu cha kuzikana mwaka huu, wengi wao makarani kama mimi. Mmoja wao aliniuliza wiki iliyopita, kwa adabu kabisa, kama inafaa amtume mtu mwingine kuchimba kaburi kwa niaba yake. Sikumjibu. Nilimwambia, njoo Jumapili. Ndiyo haya nakujibu sasa, mwanangu, na jina lako silitaji.

Mimi nilizaliwa Kalenga. Nilipokuwa kijana niliajiriwa karani katika ofisi moja ya serikali Iringa mjini, na siku hizo nilikuwa sina chumba mjini. Jumatatu naondoka nyumbani kabla jua halijatoka, natembea hadi ofisini, maili tisa kumi hivi, na shati langu nimelifunga kitambaani lisipate vumbi. Jumamosi narudi. Wala sikuona kama ni kazi. Ningeambiwa kwamba itafika siku sitaweza kupanda kilima cha nyuma ya nyumba yetu, ningecheka mpaka nikae chini.

Halafu nikapata uhamisho kuja Mbeya. Hapo ndipo kiti kiliponipata.

Ndugu zangu, nawaambia, kilikuwa kiti hasa! Cha mninga, chenye mikono, na mke wangu alikishonea mto wa kitambaa cha maua. Mezani nikawekewa kengele ya kubonyeza kwa kidole. Nikibonyeza, anakuja tarishi. Tarishi wetu ni mzee wa Kinyakyusa, amenizidi umri kwa miaka mingi, na kwa miaka yote ile sikuwahi kumwita kwa mdomo. Nilimwita kwa kengele. Faili la kupeleka chumba cha pili, hatua sita, kengele. Maji ya kunywa, kengele. Siku moja kalamu yangu ilianguka chini upande wa pili wa meza. Mnacheka? Naam, nilibonyeza kengele.

Na msinilaumu peke yangu. Ndivyo tulivyofundishana sote. Karani anayebeba faili mwenyewe ni karani asiye na heshima. Karani anayeonekana na jembe, basi huyo kafukuzwa kazi. Mwili wangu ukaanza kunenepa, na kila niliporudi likizo watu wakanisifu. "Umenawiri! Mbeya inakupenda!" Mke wangu akahamisha vifungo vya koti langu, akavihamisha mara ya pili, na mara ya tatu akanunua kitambaa kipya. Mimi nikafurahi. Miguu ilikuwa inavimba jioni, mgongo unaniuma hata kuinama kufunga viatu siwezi, ngazi za ofisini ni tano tu lakini nikizimaliza nasimama kwanza nitazame milima, eti napenda sana kutazama milima. Kumbe natafuta pumzi.

Sasa sikilizeni kosa langu kubwa, maana hili linahusu chama hiki. Mliniteua karani wa chama. Nikajitungia kazi. Katika kila mazishi yetu nikaagiza iletwe meza ndogo na kiti, niandike kwenye daftari nani amefika, nani amechimba, nani amebeba. Mkaona jambo zuri, mambo yanakwenda kwa utaratibu. Wazee wanakumbuka. Tumezika watu wangapi hapa Mbeya? Na katika daftari lile lote, kwa mwandiko wangu mwenyewe, hakuna hata mahali pamoja palipoandikwa kwamba mimi nimebeba. Nilikuwa naandika jasho la wenzangu nikiwa kivulini. Mungu anisamehe, nilijiona mtu wa maana sana.

Ilikuwa mwaka ule picha ya Mfalme ilipoondolewa ukutani ofisini ikawekwa ya Malkia. Nilipata simu kwamba baba yangu amefariki. Nikapanda basi, nikafika Kalenga kesho yake, na watu wamejaa uani.

Kwetu, kama mjuavyo, baba akifa watoto wake wa kiume ndio wanaotangulia kumnyanyua. Wanamtoa mlangoni, wanampandisha hadi kwenye mwinuko wa njia panda, hapo ndipo wengine huwapokea. Hakuna anayekuuliza wewe ni karani au ni bwana nani. Mimi ni mzaliwa wa kwanza, kwa hiyo nafasi yangu ni mbele kulia. Nilitazama huku na huku. Ndugu zangu, sitawaficha: nilikuwa natafuta meza.

Hakuna meza. Tukanyanyua. Wadogo zangu wawili nyuma, mjomba wetu mbele kushoto, mimi kulia. Wanawake wakaanza wimbo. Hatua kumi za kwanza nikaenda vizuri. Njia ilipoanza kupanda nikaona moyo unapiga masikioni. Nikasema moyoni, baba yangu huyu, baba aliyenibeba mgongoni, siwezi kumshusha. Nikaenda hatua nyingine, na nyingine. Nadhani hazikufika thelathini zote pamoja. Kisha magoti yakalegea na nikaanguka kifudifudi njiani, na jeneza likainama upande wangu. Mjomba alilidaka kwa kifua. Yule mzee alilidaka kwa kifua chake! Nusura baba yangu aanguke chini mbele ya mji mzima, kwa sababu mwanawe ameshindwa mwinuko ambao mbuzi huupanda wakicheza.

Hawakuweza kuniacha pale njiani. Wakaleta kitanda cha kamba, wanaume wanne wakanibeba kunirudisha nyumbani. Siku ile Kalenga ilibeba watu wawili, mmoja amekufa na mwingine anapumua. Nililazwa chini ya paa la jikoni nikasikia wimbo wa mazishi kwa mbali, na udongo unatiwa, na mimi sipo. Nililia, ndugu zangu. Nililia kwa aibu kabla sijalia kwa msiba.

Siku ya tatu mama yangu alikuja kukaa karibu nami. Alikuwa anapepeta maharage kwenye ungo. Akapepeta weee. Halafu akaniuliza kwa upole kabisa, bila kunicheka, "Mwanangu, baba yako alikuwa mwembamba. Mimi ni mzito kuliko yeye. Sasa itakuwaje?"

Nikamwambia, "Mama, usiseme hivyo."

"Nauliza tu," akasema. "Nijue nimwombe nani." Akaendelea na maharage yake.

Swali lile nilirudi nalo Mbeya. Nikaenda kwa mganga msaidizi wa hospitali nikitaka dawa, sindano ikiwezekana, maana sindano ndiyo tunayoiamini. Akanipima kifua, akabonyeza miguu, akaniuliza, "Kazi yako?"

"Karani."

"Leo toka asubuhi umesimama mara ngapi?"

Nikafikiri. "Nimesimama nilipokuja hapa kwako."

Akaweka vyombo vyake chini. "Basi mimi sina chupa ya kukupa. Miguu yako na moyo wako vimesahau kazi. Vikumbushe, lakini polepole, usije ukafa njiani ukasema nilikuua. Kila saa moja ikipita, inuka kitini. Na utembee, kila siku, mpaka utoke jasho." Nilikasirika. Nilitoka pale nikisema, huyu kijana hajui kazi yake, mtu mgonjwa anamwambia atembee!

Lakini swali la mama halikutoka kichwani. Kesho yake nikaanza. Kengele nikaifungia kabatini. Mtungi wa maji nikauhamishia mwisho wa veranda, nikitaka maji niyafuate. Barua za kupanga nikazipangia juu ya kabati refu, nimesimama. Mafaili ya chumba cha pili nikayapeleka mwenyewe. Makarani wenzangu wakanijia juu. "Bwana, unatushusha hadhi! Kesho mkubwa wetu wa wilaya, Bwana Shauri, atasema sote tubebe!" Mmoja alikataa kula na mimi wiki nzima. Yuko hapa leo, ananitazama anacheka, basi tuendelee.

Kumbe aliyeumia zaidi nilikuwa sijamwona. Siku ya nne tarishi akaja mezani, kofia mkononi. "Bwana Karani, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu."

"Siku nne kengele haijalia. Nakuta barua zimeshafika. Kama miguu yako inachukua kazi ya miguu yangu, mimi nitakwenda wapi na uzee huu?"

Nikashikwa na haya. Miaka yote ile, mtu nimemfanya kama kamba ya kuvutia vitu, na sasa nikijiponya mimi namwumiza yeye. Nikafanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya. Nilisimama nikamvutia kiti, nikasema, "Kaa, mzee." Nikamweleza habari ya Kalenga yote, jeneza, mjomba, kitanda cha kamba na swali la mama.

Alicheka yule mzee! Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kofia, kisha akasikitika kwa dhati. "Pole sana. Lakini kumbe unataka kutembea tu? Kutembea hakuko ndani ya faili. Nirudishie barua zangu zote za nje. Za humu ndani chukua wewe. Na Jumamosi tukifunga ofisi, twende wote. Kwangu ni Uyole."

Jamani, Uyole! Nilidhani ananitania. Jumamosi ya kwanza hata hapa Ilomba sikufika. Nilikaa juu ya jiwe kando ya barabara, mdomo wazi, malori yananipitia na kunimwagia vumbi. Mzee akasimama karibu, hana hata jasho. Akasema, "Kaa, lakini usizoee." Jumamosi ya pili nikalipita jiwe lile. Ya tano nikafika Ilomba nikanywa maji kwa mama mmoja hapo njia panda, akaniuliza nimefukuzwa kazi lini. Nyumbani nikaanza kulima bustani alfajiri kabla ya kwenda ofisini. Siku ya kwanza mke wangu alitoka nje akanikuta na jembe, akarudi ndani akaita watoto waje waone. Viganja vilichubuka, kesho yake kalamu ikawa haishikiki. Nikaendelea hivyo hivyo. Ilipopita miezi mitatu nikaona Uyole kwa miguu yangu, mke wa tarishi akanipa ndizi za kuchemsha, na kurudi nikaomba lori. Sikuona aibu ya kuomba lori.

Na daftari la mazishi nikamkabidhi mzee wetu yule mwenye mguu mbovu, ambaye kweli alihitaji kiti. Mazishi yaliyofuata nikaomba nibebe. Mkanitazama. Mkanipa hatua kumi, mkanipokea haraka kabla hamjanibeba na mimi. Mazishi mengine mkanipa ishirini. Hamkunicheka. Hilo sitalisahau.

Nisiwadanganye kwamba nilikwenda moja kwa moja. Mwezi wa sita ulipoingia na baridi yetu ya Mbeya mnayoijua, nilianza kuchelewa kuamka. Bustani ikalala. Jumamosi moja nikamwambia mzee nina mafua. Jumamosi ya pili nikamwambia nina kazi. Mtungi wa maji ukarudi karibu na meza, sijui nani aliurudisha, nadhani ni mimi. Na siku moja nikaona faili la chumba cha pili, nikatazama mlango, nikaona mbali. Nikafungua kabati, nikatoa kengele, nikabonyeza.

Tarishi akaja. Akalichukua faili. Akaitazama kengele, akanitazama mimi, akaniuliza, "Mama mzima?"

Basi, hilo tu. Nilisimama, nikachukua faili mkononi mwake, nikalipeleka mwenyewe. Kengele ile nilimpa mkuu wa shule moja, nayo sasa inawaita watoto darasani.

Masika yaliyofuata nikapata simu nyingine, mama anaumwa sana. Nilifika Iringa mjini nikaambiwa magari ya Kalenga hayaendi, njia yote ni matope. Nikavua viatu, nikafunga mzigo kichwani, nikatembea njia ile ile ya ujana wangu. Nilimkuta mama amelala, tumbo limemshika, hawezi kusimama. Mganga wa zahanati kasema apelekwe hospitali ya mjini siku hiyo hiyo, asipofika yeye hawezi kuahidi kitu.

Tukafunga miti kwenye kitanda cha kamba. Nadhani ni kile kile, sikuuliza. Wanaume tulikuwa wanane, wa kupokezana wanne wanne. Mjomba akataka kushika mbele kulia. Nikamwambia, "Mjomba, niachie hapo." Akanitazama usoni, akasogea nyuma, akaniachia.

Tukamtoa mlangoni. Njia ikaanza kupanda, na tope linavuta miguu. Moyo ukaanza kupiga masikioni, nikauogopa, ndugu zangu, niliuogopa sana. Nikafika pale nilipoangukia. Mama alikuwa amefumba macho muda wote, nikadhani hajui tuko wapi. Nikamsikia anasema juu ya bega langu, "Ni hapa?"

Nikasema, "Ni hapa, Mama."

"Haya, pita."

Nikapita. Tulipofika njia panda wakataka kunipokea, nikasema bado. Walinipokea mbele sana, na nilipopumzika nikarudi tena, na tena. Njiani machozi yananitoka na jasho linanitoka, sijui kipi ni kipi. Mbele kidogo mama akapata nguvu ya kunigombeza. "Punguza mwendo, unanitikisa! Unakimbizwa na nani?" Ndugu zangu, sijawahi kugombezwa nikafurahi namna ile. Tulifika hospitali jua likiwa bado juu, wakampokea, wakamtibu, na akapona.

Basi sina mengi. Namshukuru Mungu. Namshukuru mganga msaidizi aliyeninyima chupa. Namshukuru mke wangu, ambaye sasa analalamika kwamba makoti yote yamekuwa makubwa. Nawashukuru ninyi mlionipa hatua kumi. Na mzee wangu, tarishi, umekaa pale mlangoni kana kwamba hukualikwa. Sogea mbele, mzee. Kwa Kinyakyusa chako nasema ahsante sana: ndaga fijo.

Na wewe kijana uliyeniuliza, na makarani wenzako: kazi ya kalamu ni kazi njema, imenilea mimi na watoto wangu. Lakini inuka kitini kila saa, peleka faili lako, shika jembe lako asubuhi. Usingoje siku utakapohitajika ndipo uijue hali ya magoti yako. Na kaburi usimtume mtu. Anza na hatua kumi, tutakupokea.

Sasa nimeahidi kueleza kwa nini nimechelewa. Mama yangu anakaa nami tangu alipopona, na ndiye yule wa mstari wa mbele mwenye kanga nyekundu, anayejifanya hasikii. Asubuhi nilitaka kumwombea nafasi kwenye gari la jirani, maana ni mbali kutoka kwangu hadi hapa. Akachukua fimbo yake, akatangulia mlangoni. "Twende kwa miguu," akasema. "Siku ya kunibeba itafika yenyewe, na sasa najua yupo wa kunibeba. Leo nataka nitembee na wewe."

Ndugu zangu, mama anatembea polepole. Mtusamehe kwa kuchelewa.